Kuingia iTax ya mteja kwa ruhusa yake: mwongozo kwa sisi tunaofaili ritani za watu

Kama unasaidia watu na mambo ya KRA, ile mamlaka ya kodi ya Kenya, iwe uko na saiba hapa Nakuru mjini, ama duka la M-Pesa huko Njoro lenye kompyuta moja kwa kona, ama ulisomea uhasibu na unashika vitabu vya biashara mbili tatu za Kisumu, hii ni yako. Nataka tuongee juu ya kitu moja: vile unaingia kwa akaunti ya kodi ya mtu mwingine kihalali, mwenyewe akiwa amekubali na anajua unafanya nini huko ndani, na vile unatoka ukiiacha bado iko mikononi mwake.

Naandika juu shida ni ile ile kila Juni. Mama anakuja na PIN yake, ile namba yake ya kodi, imeandikwa kwa kakaratasi, paswadi hajui, ukibonyeza "Forgot Password" iTax, ule mfumo wa KRA wa mtandaoni, inasema paswadi mpya imetumwa kwa imeli, na hiyo imeli haijui. Ni ya kijana aliyemtengenezea PIN wakati alikuwa anataka mkopo, saiba ilishafungwa, kijana alihama na simu yake haishiki. Sasa mama hawezi kufaili ritani, yaani kutangaza mapato yake kwa KRA, hawezi kutoa TCC, cheti cha kuonyesha kodi yake iko sawa, cha kuomba tenda ya kaunti, na faini ya kuchelewesha ritani ya mwaka kwa mtu binafsi ni shilingi 2,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile iko juu. Hiyo inaingia kila mwaka anakosa kufaili, na hajui hata imefika ngapi kwa sababu kuangalia lazima uingie. Mtu amefungiwa nje ya akaunti yake na mtu aliyelipwa kumsaidia, na mara nyingi huyo kijana hakuwa na nia mbaya, alikuwa tu anaharakisha laini iishe.

Kwa hivyo twende polepole.

Hatua ya 1: Jua wewe unasimama wapi

Kuna watu wa aina mbili kwa hii kazi na sheria haiwaangalii sawa.

Wa kwanza ni ajenti wa kodi mwenye leseni. Leseni inatoka KRA, chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, na si ya kununua, wanaangalia masomo yako na taaluma yako, na wanaangalia kama kodi yako mwenyewe iko sawa. Huyu anaweza kumwakilisha mteja mbele ya KRA, kuandika pingamizi, kuomba marejesho ya kodi, kuhudhuria mkutano kwa niaba yake, na anafanya kazi kwa kuingia na PIN yake mwenyewe na paswadi yake mwenyewe. Hahitaji paswadi ya mteja hata kidogo.

Wa pili ni msaidizi tu, na hapo ndipo wengi wetu tuko. Mteja amekaa hapo kando yako, ameingia kwa akaunti yake, wewe unamsaidia kubonyeza na kujaza. Hiyo iko sawa mradi yuko, anaona, na amekubali. Shida inaanza akienda nyumbani na wewe unabaki na paswadi yake kwa daftari, halafu unaingia kesho bila kumwambia. Kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kuingia kwa mfumo bila idhini ni kosa, faini inaweza kufika shilingi milioni 5 ama kifungo hadi miaka 3, ama zote pamoja. Usiseme "lakini nilikuwa namsaidia", maanake swali litakuwa ni idhini ulikuwa nayo ama hukuwa nayo.

Kama huna leseni usijiite ajenti kwa bango la dukani. Andika "tunasaidia kufaili ritani", inatosha. Na mteja anaweza kukuangalia, kwa ukurasa wa kwanza wa iTax kuna "Agent Checker", mtu yeyote anaitumia bila hata kuingia. Mimi husema wateja waitumie, hata kwangu.

Hatua ya 2: Hakikisha akaunti ni ya mteja kabla ufanye kitu ingine

Hii ndiyo hatua inarukwa sana na ndiyo inaleta machozi, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Akikaa tu chini, omba kitambulisho cha asili, siyo picha kwa WhatsApp. Angalia PIN na "PIN Checker", itakuonyesha jina, linganisha na kitambulisho. Inasikika kama kupoteza wakati lakini watu huja na PIN ya bwana, ya dada, ya mdosi, na hawasemi mpaka uulize.

Halafu muulize hivi, kwa upole, juu wengine wanaona haya:

"Mwalimu, hii imeli iko kwa PIN yako unaweza kuifungua kwa simu yako saa hii?"

Akisema sijui, ama akisema ni ya mtoto wa jirani, simama hapo. Kwanza mfungulie imeli yake mwenyewe, kwa simu yake, na namba yake ya simu ndiyo iwe ya kurudisha akaunti, paswadi aandike yeye kwa mkono wake na wewe geuza macho. Najua saa ingine ni mzee wa miaka 70 na simu ya kubonyeza. Huyo mwambie aje na mtoto wake ama mjukuu anayemwamini, imeli ifunguliwe kwa simu ya huyo, na mzee ajue ni ya nani na imeandikwaje. Jina la imeli ampe mzee kwa karatasi. Usiweke imeli yako. Hata kama anakuomba uweke, hata kama foleni imefika mlangoni, hata kama ni shangazi yako, usiweke.

Kama imeli iliyoko KRA ni ya mtu mwingine na paswadi imepotea, mteja mwenyewe ndiye ataenda kubadilisha. Aende ofisi ya KRA ama dawati la KRA kwa Huduma Centre, ya Nakuru, ya Kisumu, ya Kakamega, popote iko karibu, na kitambulisho chake cha asili na imeli mpya iwe tayari inafunguka, juu akifika huko na imeli haifunguki amepoteza nauli. Anaweza pia kuandikia callcentre@kra.go.ke ama kupiga 0711 099 999. Watamuuliza maswali ya kuhakikisha ni yeye. Wewe usijibu hayo maswali kwa niaba yake ukijifanya ni yeye, hata kama majibu unayajua. Mwandikie tu kwa karatasi vitu anatakiwa kubeba na kusema: PIN, imeli mpya, namba ya simu, na sababu.

Hatua ya 3: Ruhusa iandikwe

Mdomo hautoshi. Si kwa sababu watu ni wabaya, ni kwa sababu mwaka ukiisha kila mtu anakumbuka tofauti, na siku kukitokea kodi ambayo mteja hakutarajia, wa kwanza kulaumiwa ni yule alishika kompyuta.

Karatasi moja inatosha, lugha rahisi, asome mwenyewe ama asomewe kwa lugha anaelewa. Kama ni Kikuyu, Kijaluo, Kikalenjin, msomee hivyo. Mimi napenda maneno kama haya:

"Mimi (jina), kitambulisho namba (…), PIN (…), nimemruhusu (jina lako) anisaidie kutayarisha na kufaili ritani yangu ya mwaka wa 2025 pekee. Haruhusiwi kubadilisha imeli yangu, namba yangu ya simu wala paswadi. Haruhusiwi kuniongezea ama kuniondolea aina ya kodi bila kuniuliza. Nimempa karatasi hizi: (orodha). Ruhusa hii inaisha tarehe (…)."

Saini, tarehe, namba ya simu, nakala mbili, moja anaenda nayo. Asiyejua kuandika aweke alama ya kidole mbele ya mtu aliyekuja naye, na huyo mtu aandike jina lake. Ona vile ruhusa ina kazi moja, mwaka mmoja, na mwisho. Ruhusa ya "mambo yangu yote ya KRA" haisaidii mtu, hata wewe haikukingi.

Hii pia inakuweka sawa na Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hiyo sheria inataka mtu ajue unachukua taarifa zake za nini, uchukue zile unahitaji tu, na uzichunge. Taarifa za kodi zinaonyesha mshahara, mikopo ya nyumba, pesa ya nyumba anayopangisha, wakati mwingine mambo ambayo hata bibi yake hajui.

Hatua ya 4: Kwa wenye leseni, kuteuliwa kwenye iTax

Mteja ndiye anakuteua. Anaingia kwa akaunti yake, anaweka PIN yako kama ajenti wake, na uteuzi unakaa kwa mfumo wa KRA ambapo yeye na wao wanauona. Mwambie akae nawe mkifanya hiyo kitu lakini paswadi aweke yeye. Andika barua ya uteuzi pia, ikiwa na kazi ulizopewa na tarehe inaanza, mweke nakala.

Baada ya hapo ingia na PIN yako uone kama mteja anaonekana upande wako kabla umwambie aende. Kama haonekani usitumie njia ya mkato ya kuomba paswadi yake "kwa leo tu". Uliza KRA kwanini haijakubali. Ukianza na paswadi ya mteja siku ya kwanza, utaendelea nayo miaka, na ile leseni ulihangaikia haina maana tena.

Wale bado hamna leseni na mko na wateja wengi wa biashara, wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na PAYE (kodi inayokatwa kwa mshahara) kila mwezi, naomba muanze kuifikiria kwa kweli. Kazi ya kila mwezi haiwezi kufanywa na mteja akiwa amekaa kando kila tarehe 9 na kila tarehe 20.

Hatua ya 5: Siku ya kufaili

Mteja yuko. Fungua dirisha la siri la brauza, lile halihifadhi historia ya kurasa ulizofungua. Aandike PIN yake, abonyeze kuendelea, aweke paswadi mwenyewe, ajibu ile hesabu ndogo ya kujumlisha ama kutoa. Brauza ikiuliza kama ihifadhi paswadi, hapana. Paswadi ya iTax ni kama namba ya siri ya M-Pesa, hakuna mtu mzima anaitaja kwa sauti kwa duka lililojaa.

Akiingia, usikimbilie ritani. Angalia kwanza aina za kodi ziko kwa PIN yake. Hapa ndipo utapata vitu vya kushangaza: mwalimu wa shule ya msingi ambaye hajawahi kuwa na biashara, lakini kwa PIN yake kuna VAT, juu kuna mtu alitiki kila sanduku siku ya kusajili. VAT inatakiwa kila mwezi kufikia tarehe 20 hata kama hujauza kitu, na faini ya kukosa ritani moja ni shilingi 10,000 ama asilimia 5 ya kodi, ile kubwa. Piga hesabu ya miezi. Ukiona hivyo muonyeshe, mweleze, na usiiondoe kimya kimya, hiyo inaombwa kwa KRA na mwenyewe akielewa kwanini.

Angalia pia leja, uone kama kuna deni la zamani. Mwambie ukweli hata kama atakasirika.

Sasa ritani yenyewe. Kwa mtu wa mshahara peke yake kuna fomu ya mtandaoni, nyingi zimejijaza tayari kutoka kwa yale mwajiri alipeleka, unalinganisha na P9, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Linganisha kweli. Namba zikitofautiana usisukume mbele, arudi kwa mwajiri. Na tafadhali, mtu aliye na mshahara usimfailie ritani ya nil. Nasikia watu wakisema "nil ni haraka na ni bei rahisi", na ni kweli ni haraka, lakini umeambia KRA huyu mtu hakupata hata shilingi moja ilhali mwajiri wake amepeleka PAYE yake miezi 12. Nil ni ya mwanafunzi wa Egerton aliyetoa PIN kwa ajili ya mkopo wa masomo wa HELB na hana kazi, ni ya mtu aliyekaa mwaka mzima bila kipato. Uliza kabla ubonyeze: "Mwaka huo ulifanya kazi mahali popote? Hata miezi miwili? Uko na nyumba ya kupangisha?" Nyumba ya kupangisha ina mambo yake, kama pesa ya kupangisha kwa mwaka iko kati ya shilingi 288,000 na milioni 15, kuna kodi ya kila mwezi ya asilimia 7.5, hiyo haingojei Juni.

Kabla ya kutuma, geuza skrini. Asome jumla, asome kama kuna kodi ya kulipa, aseme ndiyo. Yeye ndiye abonyeze kutuma. Risiti ya kupokelewa itaenda kwa imeli yake, na hapo ndipo unaona faida ya Hatua ya 2, simu yake inalia hapo hapo mbele yako. Mchapishie nakala pia.

Kama kuna kodi ya kulipa, mnatoa namba ya malipo, ile PRN, halafu analipa kwa simu yake mwenyewe kwa Paybill 222222, namba ya akaunti ni hiyo PRN. Pesa ya kodi isipite kwa laini yako kamwe. Malipo yako ya kazi yawe kando, na risiti yake kando. Hapo mimi sina mjadala na mtu.

Akimaliza, atoke kwenye akaunti, ufunge dirisha. Zile faili ziliingia kwa folda ya kupakua zifute akiwa anaona, P9 yake isikae kwa kompyuta ambayo kesho inatumiwa na watoto wa shule.

Mteja akiwa mbali

Hii inauliziwa sana, mtu ni wa Bungoma lakini anafanya kazi Qatar, anakutumia paswadi kwa WhatsApp na "nisaidie tu". Usiichukue. Kuna njia safi na wengi hawaifikirii: kuna fomu ya ritani ya Excel, hiyo unaijaza bila kuingia kwa akaunti ya mtu. Mteja anaweza kuipakua akutumie. Unaifungua kwa Microsoft Excel, unawasha makro la sivyo vitufe havitafanya kazi, unajaza kutoka kwa karatasi alizokutumia, unabonyeza "Validate", inakupa makosa unarekebisha, mwisho inatengeneza faili ya zip. Hiyo zip unamtumia pamoja na ile Excel na maelezo mafupi ya namba kubwa, yeye anaingia iTax kwa simu ama laptopu akiwa huko huko, anapakia zip, anatuma. Mpigie simu ya video umwelekeze. Umefanya kazi yote ngumu na hujagusa paswadi yake. Ni dakika kumi kwake.

Kama hata hiyo haiwezekani, basi ateue ajenti mwenye leseni.

Mume, mdosi, na marehemu

Bibi hawezi kukupa ruhusa ya akaunti ya bwana, wala bwana ya bibi. Mdosi hawezi kukupa ruhusa ya akaunti ya mfanyakazi, hata kama yeye ndiye analipa kufailiwa kwa wote kumi. Kila mtu na saini yake.

Na kuna ile ya msiba. Mzee ameaga, watoto wako na paswadi yake, wanataka mambo yaishe ili wabadilishe shamba ama gari. Wape pole kwanza. Halafu waambie hiyo akaunti isiguswe na paswadi ya mzee. Wanaanza na urithi kortini, aliyepewa mamlaka ya kusimamia mali ndiye anaenda KRA na hizo karatasi pamoja na cheti cha kifo. Wafiwa watakuona mgumu siku hiyo, vumilia, juu ukiingia na ufaili kitu kwa jina la marehemu utakuwa umewaongezea kesi juu ya msiba.

Hatua ya 6: Rekodi zako

Weka daftari ama Excel yako ndogo: jina, tarehe, kazi uliyofanya, namba ya risiti ya kupokelewa, na wapi ile barua ya ruhusa iko. Paswadi haiingii kwa hilo daftari. Mteja mwenyewe anatakiwa kuweka rekodi zake za kodi kwa miaka 5, mkumbushe, mnunulie hata faili ya karatasi ukiweza, inaleta mteja kurudi kuliko bango.

Karatasi zako zikae kwa kabati inayofungwa. Kompyuta iwe na neno la kuingilia. Ukigundua laptopu imeibiwa na ilikuwa na taarifa za wateja, sheria ya data inakupa saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data, na waambie wateja wenyewe pia, wabadilishe paswadi siku hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Mkiachana

Mteja akihamia kwa mtu mwingine ama wewe ukiacha hiyo kazi, maliza vizuri. Kama ulikuwa ajenti wake kwenye iTax, uteuzi uondolewe, usiachwe ukielea. Mpe karatasi zake zote, risiti zote, na mwambie ritani gani zimefailiwa na gani bado, kwa maandishi. Kama kuna pesa mnadaiana, dai kivyake, usishikilie karatasi za mtu. Na hata kama hujawahi kuijua paswadi yake, mwambie aibadilishe, kisha mngoje aibadilishe akiwa bado mbele yako.